Tabaka la Chini

Picha imefika saa nane kasorobo, upepo ukisukuma vumbi mlangoni.
Imepitia simu ya Chilewa, ya mhasibu, ya mtoto wa mhasibu,
na kila mkono umenyofoa punje yake,
kama gunia la uwele linalovuja njia nzima kutoka Hombolo.
"Tunataka kitufe," anasema Chilewa, "cha zabibu.
Kiwe kizuri. Asiyejua kusoma akikiona ajue:
hapa ndipo ulipo mzigo wangu."

Nakuza.
Nakuza tena.
Zabibu si zabibu, ni kokoto za zambarau,
miraba inayogombania mipaka,
jani limeungua kingo kama chapati ya haraka.
Na juu ya yote, utosi wa simu ya mtu:
chaji asilimia tisa, kijiti kimoja cha mtandao,
na ujumbe uliochungulia kidole kilipobonyeza,
kutoka kwa Dada Mbeleje:

Mama hajala tangu juzi, anakuulizia, kama unaweza hata

Hapo umekatika.
Kioo hakikuwa na nafasi ya sentensi nzima.

Mimi kazi yangu ni kukata.
Miaka sita katika kibanda hiki cha Nkuhungu,
kati ya mashine ya fotokopi na Masinga fundi viatu,
nimekata vivuli, nyaya, vidole vya wapiga picha.
Nimemkata mume wa mtu kwenye picha ya harusi,
ukabaki mkono begani,
nao nikaupaka rangi ya gauni.
Sikuuliza. Mteja hulipia kinachobaki.

Basi nakata.
Chaji, kijiti, saa.
Nafuta usuli: ukuta wa matofali, ndoo ya bluu,
kisigino cha mtu aliyekuwa akipita.
Kisha kalamu: nukta, mpindo, nukta, mpindo,
nazunguka kila punje polepole
kama anayezungushia zizi miiba, asiache pengo.
Naweka kumi na moja. Kumi na mbili zinasongamana.
Zambarau nzito chini, nyepesi juu,
na tone la weupe kwenye bega la kila moja,
jua letu lile la saa tatu, kabla halijawa kali.

Umeme unakatika. Kisanduku cha akiba kinalia kama kifaranga.
Nahifadhi. Nahifadhi tena.
Dakika arobaini nala karanga, natazama kioo cheusi,
na kilichomo kioni ni uso wangu, nao una ukungu.

Umeme ukirudi, napunguza.
Hapa ndipo wengi huumbuka:
kitu kikubwa, cha kupendeza, ukikipunguza kinakuwa doa.
Arobaini na nane kwa arobaini na nane,
uwanja mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
na mavuno ya msimu mzima yaingie humo.
Nageuza kioo kuelekea nje.
"Masinga, hiki nini?"
"Zabibu," anasema, na sindano hajaishusha.

Namtumia Chilewa. Vidole gumba vitatu.
Kisha: "Ila jani limekaa kama la mhogo."
Ni kweli. Naziba mipasuko, naongeza meno kingoni.
"Sasa sawa. Elfu tano nitakurushia jioni."

Faili limebaki wazi.
Matabaka saba, moja juu ya jingine:
mng'ao, punje, jani, kikonyo, kivuli, duara la kijani,
na chini kabisa ile picha yenyewe, nzima,
na ndoo yake na kisigino chake.
Sikuifuta. Nimeifumba jicho tu.
Nabonyeza, jicho linafumbuka:
kama unaweza hata

Hata nini? Hata elfu mbili? Hata kupiga simu?
Hata kuja?

Nachukua simu, namwandikia Chilewa:
"Ile picha ya kwanza, ilitoka kwenye simu ya nani?"

Anaandika. Naona nukta tatu zinarukaruka.
Zinatulia.
Masinga anagonga soli.
Zinaanza tena.